Vyumba vya Kutazamwa Tu

Asubuhi ile Mpigapicha alikuwa amekwisha kuharibu karatasi kadhaa za picha, na zote kwa kosa lile lile: binti yake alionyesha meno. Kitambaa cheupe kilikuwa kimenyooshwa ukutani na kubanwa pembe zote kwa vibanio vya nguo. Kigoda kilikuwa mahali pake, miguu yake juu ya alama za chaki. Taa kubwa ya studio ilimulika kutoka kushoto, na mwavuli wake mweupe ukaulainisha mwanga. Kila kitu kilikuwa katika mpangilio isipokuwa mdomo wa Kicheko.

"Funga mdomo," Mpigapicha alisema.

"Nimefunga."

"Umefunga mdomo, mashavu bado yanacheka. Ubalozi hautaki mashavu yanayocheka."

"Baba, wameandika hivyo?"

"Wameandika: uso mtulivu. Mimi natafsiri kwa faida yako."

Jina la Kicheko alikuwa amepewa na bibi yake tangu utotoni, na kwa muda mrefu lilimkaa kama jina lolote linavyomkaa mtu, bila kumsumbua. Lakini tangu chuo kikuu cha ng'ambo kilipomkubalia kwenda kusomea ujenzi wa madaraja, alikuwa akicheka mfululizo. Alicheka akipiga mswaki, alicheka akivuka barabara, na usiku mama yake alimsikia akicheka usingizini, polepole, kama mtu anayehifadhi kicheko kingine cha kesho. Hata picha chache alizofanikiwa kupigwa akiwa ametulia hazikufaa kitu. Mpigapicha alizining'iniza zikauke, na zilipokauka midomo ilifunguka taratibu, likaonekana jino la mbele, kisha jirani yake, kisha ufizi wote. Alizitia kwenye droo pamoja na zilizotangulia. Humo zilichekeana kama wanafunzi wa darasa moja waliofungiwa ndani kwa utundu.

Hilo halikumtia wasiwasi, kwa kuwa picha hurudiwa. Kilichomkosesha usingizi ni sharti jingine. Ubalozi ulitaka taarifa ya benki ya mzazi, ionyeshe ada ya mwaka mzima na fedha za kujikimu, zote kwa pamoja, zikiwa zimelala ndani ya akaunti mwezi mzima bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja. Akaunti ya Mpigapicha haikuwahi kulaza fedha. Fedha ziliingia humo kama abiria aingiavyo stendi: kwa nia ya kuondoka.

Wakaitwa ndugu.

Walikaa katika sebule ya nyumba ile ya vyumba viwili na ujia mwembamba, magoti yakigusana. Shangazi, dada mkubwa wa Mpigapicha na mwenye mashine ya kusaga nafaka, alikalia kiti chenye mgongo kwa haki ya umri na ya mwili. Mjomba, kaka wa Mama Kicheko na dereva wa lori la masafa marefu, alikalia ndoo. Mama Kicheko mwenyewe alisimama mlangoni, kwa maana alikuwa ametoka kazini, katika chumba cha kufulia cha hospitali, na alisema akikaa hatasimama tena.

"Fedha yangu inakuja kulala tu," Shangazi alisema. "Isiguswe, isipapaswe, wala isioteshwe ndoto. Mwezi ukiisha iamke, inawe uso, irudi kwetu."

"Na yangu vilevile," Mjomba alisema. "Ile ni ya tairi za lori. Nikipata pancha kabla ya mwezi kwisha, nitakuja kulala hapo mlangoni kwenu."

"Ulale mlangoni na tumbo hilo?" Bibi aliuliza. Alikuwa mama yake Mpigapicha, mdogo wa umbo, mkubwa wa utani. "Sisi tutapitia wapi? Dirishani?"

Mama Kicheko alisema kikundi chao cha kuweka na kukopa, yeye na wenzake wa kufulia, kimekubali kutoa kilichobaki. Naye Bibi akamgeukia mjukuu wake. "Haya, mke mwenzangu, umesikia. Watu wanakuazima utajiri. Ukifika huko usije ukatusahau."

Kicheko alijibu kwa kucheka, na jibu likapokelewa.

Fedha ya Shangazi iliingia kwanza. Alasiri ya siku hiyohiyo Mama Kicheko alikuwa akifagia nyuma ya kabati la vyombo, ufagio ukapita chini ya kitu ambacho asubuhi kilikuwa ukuta.

"Kuna mlango hapa," alisema.

"Wa nani?" Bibi aliuliza.

Mama Kicheko aliinama akanusa. "Unanukia unga. Nadhani ni wa wifi."

Walilisogeza kabati wakaufungua. Ndani palikuwa na sebule pana kuliko nyumba nzima, yenye makochi ya mahameli mekundu, zulia la kuzama kifundo cha mguu, na mapazia mazito. Sakafu ilitetema kidogo, kama sakafu ya mahali penye mashine inayosaga, na kila baada ya muda vumbi jeupe, laini, lilitua juu ya meza ya kioo. Upande ule wa ukuta kulikuwa na jiko la jirani. Mpigapicha, mtu wa kupenda mambo yaeleweke, alikwenda kuuliza kama jiko limepungua. Jirani alilipima kwa hatua zake, akasema halijapungua, na kama wamepata nafasi, Mungu awazidishie.

Chumba cha Mjomba kilifuata. Kilikuwa kirefu na chembamba, kioo kizima upande wa mbele, na vioo viwili vya pembeni vilivyotokeza nje juu ya uchochoro. Viti vyake vilikuwa na magurudumu. Mjomba alipopanda milima huko njiani, chumba kiliinama, viti vikabingirika hadi nyuma. Aliposhuka, vikarudi mbele. Kwa njia hiyo familia ilijua alipofika bila kupoteza fedha za simu.

"Leo kaka yuko mteremkoni," Mama Kicheko alisema, akiviangalia viti vikipita. "Na breki anazishika mno."

Mwisho kilikuja chumba cha kikundi. Kilikuwa cheupe tupu, vitanda vimejipanga safu mbili, na mashuka yamepigwa pasi mpaka kingo zake zingeweza kukata mkate. Kila alfajiri mvuke ulijaa humo, na ulipotoweka mashuka yalikuwa yamebadilishwa.

Benki ilituma ujumbe kuwa salio limefika kiwangoni kamili. Mwezi ukaanza.

Haukufika mbali. Siku chache baadaye, adhuhuri yenye joto, Bibi alikosa mahali pa kujinyoosha, kwa kuwa kitanda chake kilikuwa kimeanikiwa nguo. Aliingia sebuleni kwa Shangazi, akavua viatu kwa adabu, akalala kwenye kochi. Alipoamka, simu ya Mpigapicha ilikuwa imekwisha kulia.

Karani wa benki alikuwa kijana mpole. Alitazama kompyuta yake kwa muda.

"Kuna mtu amelala kwenye kochi," alisema. "Mama mtu mzima. Alijifunika mtandio. Alikoroma pia, ila kukoroma tumemsamehe."

"Ni mama yangu."

"Namheshimu. Lakini chumba kikitumika, mtumiaji hulipa. Salio limeshuka chini ya kiwango. Inabidi mlijazie, na mwezi uanze upya."

Mpigapicha alihesabu moyoni. Mwezi ukianza upya leo, utaisha chuo kikiwa karibu kufunguliwa. Ukianza upya mara nyingine, chuo kitafunguliwa bila Kicheko, na nafasi yake atapewa mwingine, kama ilivyoelezwa kwa herufi nzito.

"Nieleweshe vizuri," alisema. "Kusimama mlangoni kunatozwa?"

"Hakutozwi."

"Kutazama?"

"Kutazama ndiyo kazi ya vyumba hivyo."

"Na kucheka? Nina mtoto anayecheka."

Karani alichukua kijitabu cha masharti, akakipekua mbele na nyuma, akamwita hata mwenzake wa dirisha la pili. Wakashauriana.

"Kucheka hakukutajwa," alisema hatimaye.

Mpigapicha alirudi studio, akaizima taa yake kubwa, akaukunja mwavuli, akaiuza. Sehemu kubwa ya bei yake iliziba usingizi wa Bibi. Kilichosalia kilikuwa kidogo, lakini kilikuwa juu ya kiwango, na kilikuwa chake mwenyewe. Alipofika nyumbani alikuta kimejenga msumari. Ulitokeza kwenye ukuta wa ujia, kando ya mlango wa Shangazi, umenyooka, una kichwa cha shaba.

Bibi aliutazama kwa makini, akaugusa kwa ncha ya kidole.

"Mwanangu," alisema, "umejenga."

"Nimejenga, mama."

Hawakutundika kitu juu yake.

Ukafuata mwezi ambao watu wa mtaa ule wanaukumbuka mpaka leo. Kwa kuwa kuingia kulitozwa na kutazama hakukutozwa, kila jioni familia ilipanga viti vyake katika ujia, ikafungua milango yote mitatu, ikatazama. Siku ya pili waligundua kuwa ukicheka kuelekea chumba cha Shangazi, cheko lako haliishii hapo. Liliingia jembamba, likazunguka nyuma ya mapazia, likapumzika juu ya mahameli, kisha likarudi limenenepa. Bibi, ambaye kifua chake kilikuwa kimechoka na cheko lake limekuwa kama mlango unaohitaji mafuta, alirudishiwa cheko la msichana.

"Hilo si langu," alisema.

"Ni lako, Bibi. Limekula likashiba," Kicheko alisema.

"Basi nirushe jingine."

Majirani walikuja na viti vyao. Wasiokuwa na viti walikuja na ndoo. Walikirushia chumba cha Shangazi vicheko vyao vya kila namna, vya puani, vya tumboni, vya kujizuia kanisani na msikitini, na vyote vikarudi vimenawiri. Mjomba alipokuwa kwenye barabara mbovu, viti vyake vilicheza chumbani mwao vyenyewe kwa vyenyewe, na watoto wakavitungia majina na kuvishangilia. Watu walicheka mpaka ikabidi watoto wabebwe mgongoni kurudishwa kwao, wana kwikwi. Mwenye duka la jirani alisema hajawahi kuuza maji mengi namna ile. Na katikati ya yote hayo hakuna aliyekalia kitu. Mama mmoja alipoteza fahamu kidogo kwa kucheka, akaelekea kuangukia zulia la Shangazi, wanaume watatu wakamdaka hewani, wakamlaza salama kwenye saruji.

Ni Mama Kicheko peke yake aliyekuwa na mlango wake. Akitoka kazini, mikono imevimba kwa mvuke wa pasi, alikwenda kusimama mbele ya chumba cheupe. Alikuwa amepiga pasi mashuka ya watu wengine tangu kabla hajaolewa.

"Hakuna hata pembe moja iliyokunjwa vibaya," alimwambia mumewe. "Nani anayapiga pasi haya?"

"Fedha."

"Ina mkono mzuri."

"Ungeruhusiwa, ungelala kitanda kipi?"

Hakufikiri hata kidogo. Ilionekana alikwisha kuchagua zamani. "Hicho cha dirishani. Ningelala mpaka miguu isahau kuwa ni yangu."

Walisimama hapo kidogo, kisha wakaenda kulala kwenye kitanda chao, ambacho kilikuwa na mguu mmoja wa matofali.

Siku moja kabla ya mwezi kutimia alikuja Mkaguzi wa ubalozi. Alikuwa mtu mrefu, mwenye futi ya kupimia mfukoni na koti zito mkononi, ingawa nje jua lilikuwa kali. Familia ilikuwa kwenye viti na ndoo zake ujiani. Mkaguzi alivitazama vyumba, akaitazama familia, akavitazama tena vyumba.

"Mnafanya nini hapa nje?" aliuliza.

"Tunatazama," Mpigapicha alisema.

"Vyumba vyenu wenyewe?"

"Ndiyo, bwana. Kwa kuwa ni vizuri."

Mkaguzi alipima urefu, akapima upana, akaandika. Mambo yangeishia hapo, kwa heri na amani. Lakini mtu mzima alikuwa amesimama mlangoni kwa Bibi, mgeni, ametoka mbali, ana jasho, na Bibi alikuwa amelelewa. Neno lilimtoka lenyewe, kama linavyomtoka yeyote aliyefunzwa na mama yake.

"Karibu, baba. Karibu ndani ukae."

Mama Kicheko aliufunika mdomo wake. Bibi naye aliufunika wake, lakini maji yakimwagika hayazoleki, na mgeni akikaribishwa hakaribishwi mara ya pili atoke. Mkaguzi alishukuru, akapita mbele yao wote, akaingia chumba cha Shangazi, akakaa kwenye kochi kubwa, akaliweka koti mapajani.

Mpigapicha hakuitazama simu. Aliutazama msumari. Ulikuwa umeanza kuzama ukutani, polepole sana, kama unaopigiliwa na nyundo ya pamba.

"Kochi zuri," Mkaguzi alisema, akajisogeza, akauegemeza mgongo wake.

Msumari ulizama zaidi.

"Bwana," Mpigapicha alisema kutoka mlangoni, "labda ungependa kuona chumba kile kirefu."

"Nimekipima."

"Na kile cheupe?"

"Hicho pia." Mkaguzi alifumba macho. "Miguu yangu, ndugu. Tangu asubuhi napima."

Sasa kilibaki kichwa cha shaba peke yake, kimelala ukutani kama kifungo. Chini ya kichwa hicho kulikuwa na kiwango, na chini ya kiwango kulikuwa na Kicheko, asiyekwenda popote. Kicheko mwenyewe aliona. Kwa mara ya kwanza tangu chuo kimkubalie, mashavu yake yalishuka.

Mkaguzi alifumbua macho. "Nisaidie kuelewa jambo moja, Bibi," alisema. "Nyumba ina makochi kama haya. Kwa nini nyinyi mnakalia ndoo?"

Wote walimwangalia Bibi. Mpigapicha alifikiri: ameanza yeye, amalize yeye.

"Baba yangu," Bibi alisema, "makochi haya ni kama bibi harusi wa rafiki yako. Unamtazama, unamsifu, unampa mkono wa heri. Kisha unakwenda zako nyumbani kwa mke wako, mwenye miguu ya matofali."

Cheko likamshika Mkaguzi kutoka chini, likampanda, likamwinua. Maana alikuwa mtu mrefu, na mtu mrefu hawezi kucheka vizuri akiwa amekaa. Alisimama katikati ya zulia akijishika mbavu. Cheko lake lilizunguka nyuma ya mapazia, likarudi limenenepa, likamkuta bado anacheka, wakaungana. Alitoka chumbani akipepesuka na kufuta machozi, na alipofika ujiani aliinua koti ili alitundike apate kupangusa uso vizuri.

Koti lilianguka chini.

Mkaguzi aliutazama ukuta. Palikuwa na tundu dogo, la duara.

"Nilipoingia palikuwa na msumari hapa," alisema.

"Ulikuwapo," Mpigapicha alisema.

"Wa nani?"

"Wangu."

Mkaguzi aliingiza ncha ya kalamu katika tundu lile, akaitoa. "Na vyumba?"

Mpigapicha alijipanga. Hakuwa mtu wa kusema uongo, na pia hakuwa mtu wa kumharibia mtoto wake. "Vyumba vipo," alisema. "Bwana ameviona."

"Nimeviona. Sikutumwa kuuliza ni vya nani. Nimetumwa kuuliza kama vipo." Aliokota koti, akalikung'uta. "Nimepima nyumba nyingi kwa ajili ya vijana wenu. Zote zina makochi, na sijakuta kochi hata moja lililobonyea."

Waligeuka wote kutazama. Kochi la Shangazi lilikuwa na shimo la mviringo katikati ya mahameli.

"Hilo nimelibonyeza mimi," Mkaguzi alisema. Akaandika kuwa vyumba vipo, akaaga kwa heshima, akaenda zake.

Simu ililia. Salio lilikuwa kiwangoni kamili, wala juu wala chini.

Mpigapicha alimshika binti yake mkono, akamvuta haraka mpaka studio, akamkalisha kwenye kigoda. Taa haikuwapo tena, kwa hiyo alikisogeza kigoda karibu na dirisha na kuzichora upya alama za chaki. Uso wa Kicheko ulikuwa bado una hofu ya ule msumari. Ulikuwa umetulia kama maji ya kisimani.

"Hapo hapo," Mpigapicha alisema, akapiga.

Picha hiyo ilikauka bila kufungua mdomo. Ndiyo ubalozi uliyoipokea, mwezi ukatimia, na viza ikatoka.

Shangazi alikuja kukiamsha chumba chake kesho yake. Alikikagua kwanza, mkono kiunoni.

"Ni nani aliyekalia kochi langu?"

"Serikali," Bibi alisema.

Mtaa mzima ulicheka, na Shangazi, akitaka asitake, alicheka nao, na cheko lake, likiwa katika chumba chake mwenyewe, lilirudi na ukubwa wa kutisha. Kisha alikwenda benki. Makochi yaliingia katika mapazia, mapazia yakaingia katika mlango, mlango ukawa ufa, na Mama Kicheko akarudisha kabati la vyombo. Chumba cha Mjomba kiliondoka chenyewe, kwa honi mbili, alipopata pancha.

Chumba cheupe kilikaa siku moja zaidi. Mama Kicheko alikwenda kukiaga. Sasa viza ilikuwa imetoka, kiwango hakikuwa na kazi tena, na mumewe alimwambia aingie alale hata saa moja, watalipa. Aliingia. Alikifikia kitanda cha dirishani, akakiangalia, akaona pembe moja ya shuka imelegea kidogo. Aliinama akainyoosha, akaikunja, akaichomeka chini ya godoro. Akaenda kwenye cha pili, akakinyoosha. Alivizungukia vyote, safu mbili. Alipotoka hakuwa amelala. Ujumbe uliofika ulisema ametozwa kwa matumizi ya chumba, na kiasi hicho kikakatwa katika akiba yake ya kikundi.

Jioni kikundi kilikihamisha chumba hicho kwenda ng'ambo ya barabara, kwa dobi mwenzake Mama Kicheko, ambaye binti yake naye alikuwa amekubaliwa chuo. Mwanga mweupe ulionekana chini ya mlango wao. Muda si mrefu wakatoa viti na ndoo, wakaanza kucheka.

Kicheko alisafiri. Alipopiga simu, Mpigapicha alikuwa studio akibana kitambaa ukutani.

"Chumba kikoje?" alimuuliza, kwa kuwa katika familia ile hilo ndilo lililokuwa swali la kwanza.

"Kidogo, baba. Nikinyoosha mikono nagusa kuta zote mbili. Kodi yake imemeza karibu kila nilichokuja nacho, na nimepata kazi ya kuosha vyombo mahali fulani, ada niilipe kidogo kidogo. Mlango ukifunguka, kitanda lazima kisimame." Alicheka, na cheko likaja kupitia simu lilivyo, jembamba. "Hakuna aliyekuja kukipima."

"Pana pa kuweka koti?"

"Ndilo nililotaka kukuambia. Nyuma ya mlango kuna msumari. Mwenye nyumba anasema jana haukuwapo."

"Una kichwa cha shaba?"

"Ndio huo."

"Umenyooka?"

"Umenyooka, baba."

"Tundika koti, basi."

Alisikiliza. Kwa mbali alisikia nguo nzito ikitulia ukutani, na haikuanguka.

Alipoweka simu, binti wa ng'ambo ya barabara alikuwa amekwisha kuketi kwenye kigoda, amechana nywele, magoti pamoja, amekuja kupiga picha ya ubalozi. Mpigapicha alimgeuza uso kidogo kuelekea dirishani.

"Funga mdomo," alisema.

"Nimefunga."

Katika droo, picha za Kicheko zilianza kucheka taratibu, ya kwanza, kisha jirani yake. Msichana alikaza midomo yake, akatazama mbele kwa nguvu zake zote.

"Mashavu," Mpigapicha alisema, akaandaa karatasi nyingine.